Nani Anayechonga?

Mtu anayetaka kujitengenezea mashine ya kuchongea inayoongozwa na kompyuta huanza na maswali ya vifaa. Anunue mota gani? Skrubu ndefu apate wapi? Fremu iwe ya mbao au ya chuma? Hayo ni maswali ya haki, nami nitayagusia. Lakini nyuma yake kuna swali jingine ambalo halijibiwi dukani wala karakanani: mashine hiyo itakapoanza kazi, ni nani hasa atakuwa anachonga? Ni yule aliyeiunda? Ni kompyuta inayotoa amri? Au ni mtu wa tatu, pengine asiyekuwepo kabisa, ambaye nakshi yake ndiyo inayochongwa? Nimelifikiria swali hili kwa muda mrefu. Ningependa tulitazame pamoja, ndugu msomaji, maana jibu lake linagusa riziki za watu.

Kwanza nieleze mashine yenyewe, kwa faida ya wale ambao hawajaiona. Chukua meza imara. Juu yake weka daraja linaloweza kwenda mbele na nyuma. Juu ya daraja weka kigari kinachokwenda kushoto na kulia, na juu ya kigari weka mota inayozungusha keekee, inayoweza kupanda na kushuka. Kila mmoja wa miendo hiyo mitatu husukumwa na skrubu ndefu, na kila skrubu huzungushwa na mota ya aina ya pekee, ambayo haizunguki tu bali hupiga hatua. Kwa kawaida mota hiyo hupiga hatua 200 kukamilisha mzunguko mmoja. Ikiwa skrubu husogeza kigari milimita 5 kwa kila mzunguko, basi hatua moja ni milimita 0.025, yaani chini ya unene wa unywele. Kazi ya kompyuta ni kuhesabu: hatua kadhaa huku, hatua kadhaa kule, shuka, panda, nenda tena. Mzunguko mmoja wa waridi juu ya ubao, ambao jicho letu huuona kama mstari laini, kwa mashine ni maelfu ya hatua fupi zilizohesabiwa.

Mashine za namna hii hazikuzaliwa uani mwa mtu. Mwishoni mwa miaka ya 1940, John Parsons, mwenye kiwanda katika mji wa Traverse City, jimbo la Michigan, Marekani, alikuwa akitengeneza mabapa ya helikopta. Yeye na mhandisi wake, Frank Stulen, walitumia mashine za kukokotoa ili kupata nukta nyingi za umbo la bapa, kisha wakawaza: kwa nini namba hizo zisiende moja kwa moja kwenye mashine inayokata chuma? Jeshi la Anga la Marekani lilitoa fedha, na mwaka 1952 chuo cha MIT kilionyesha hadharani mashine ya kuchonga chuma iliyopokea amri zake kutoka katika utepe wa karatasi wenye matundu. Kabati la vifaa vyake vya umeme lilikuwa kubwa kuliko mashine yenyewe.

Wakati huohuo palikuwa na njia nyingine. Kampuni ya General Electric ilijaribu mtambo ambao fundi hodari aliuendesha kwa mikono yake mara moja, mienendo yake ikanaswa kwenye utepe wa sumaku, kisha mashine ikairudia peke yake mara nyingi kadiri ilivyotakiwa. Mwanahistoria David Noble, katika kitabu chake cha mwaka 1984 kiitwacho Forces of Production, alizilinganisha njia hizo mbili. Hoja yake ni kwamba ile ya namba haikushinda kwa ubora wa kiufundi peke yake. Ilipendwa pia kwa sababu iliondoa maarifa kwenye sakafu ya kiwanda na kuyapeleka ofisini. Aliyeandika amri alikuwa juu, na aliyesimama kando ya mashine akawa mlinzi wa kubonyeza kitufe.

Wako wanaobishana na Noble, na mimi si hakimu wao. Ila nadhani njia zote mbili zina shida moja ambayo haina budi kutajwa. Ya kwanza ilimweka fundi pembeni tangu mwanzo. Ya pili ilimheshimu kwa siku moja, siku ya kunasa mkono wake, na baada ya hapo haikumhitaji. Katika riwaya yake ya kwanza, Player Piano, iliyotoka mwaka huohuo wa 1952, Kurt Vonnegut, aliyekuwa amefanya kazi General Electric, aliandika juu ya fundi mmoja ambaye ustadi wake uliwekwa kwenye utepe, naye akabaki bila kazi ya maana. Ilikuwa hadithi tu, lakini swali lake lilikuwa la kweli, na bado tunalo.

Leo mambo yamebadilika kwa namna ambayo watu wa 1952 wasingeiota. Katika miaka ya 1990 taasisi ya viwango na vipimo ya serikali ya Marekani ilitengeneza programu ya kuongoza mashine kama hizi, na kizazi chake kinapatikana bure kwa yeyote. Mwaka 2005, huko Ivrea nchini Italia, ikabuniwa bodi ndogo ya umeme iitwayo Arduino, ya bei nafuu, ili wanafunzi waweze kujifunza. Mwaka 2009 ikaja programu ndogo ya Grbl, inayoigeuza bodi hiyo kuwa kiongozi wa mashine ya miendo mitatu. Kile kilichojaza kabati zima sasa kinakaa kwenye kiganja. Kijana wa Dar es Salaam anaweza kufungua printa mbovu zilizotupwa na ofisi, akatoa humo mota za hatua na fimbo za chuma zilizonyooka, akaanza.

Jambo kubwa hapa, kwa maoni yangu, si bei. Ni kwamba kichwa kinachotoa amri na mkono unaoshika chombo, ambavyo kiwanda kilivitenganisha, vimekutana tena kwa mtu mmoja. Anayeandika amri ndiye aliyekaza nati. Amri ikiwa mbaya, keekee inayovunjika ni yake. Hawezi kumlaumu mtu wa ofisini, wala wa ofisini hawezi kumlaumu yeye. Na mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Ila mtu huyu jua amelitengeneza mwenyewe.

Anayetaka kuanza ataanzia wapi basi? Wengi hukimbilia kompyuta. Mimi huwaambia waanzie kwenye unyofu. Mashine haiwezi kuchonga mstari ulionyooka kuliko reli inayopita, wala pembe mraba iliyo sahihi kuliko fremu yake. Mafundi wetu wa ujenzi huweka pembe ya msingi wa nyumba kwa kamba, kwa hesabu ya tatu, nne na tano. Hesabu hiyohiyo inatosha hapa: pima milimita 600 upande mmoja, 800 upande wa pili, na kati ya alama hizo mbili pawe 1000 kamili. Kisha pima kutoka kona hadi kona, na umbali wa mishazari yote miwili uwe sawa. Baada ya hapo tengeneza mwendo mmoja tu, siyo mitatu. Uupeleke mbele milimita 100, uurudishe, uupime. Utagundua kwamba nati ina mchezo kwenye skrubu, kwamba ukigeuza mwelekeo kuna hatua chache zinazopotea kabla kigari hakijasogea. Jifunze ugonjwa huo katika mwendo mmoja kabla hujauzidisha mara tatu.

Na unyofu wenyewe ulitoka wapi, ikiwa kila mashine hupata usahihi wake kutoka kwa nyingine? Swali hili liliwasumbua mafundi wa London mapema katika karne ya 19. Katika karakana ya Henry Maudslay ilitumika njia ambayo mwanafunzi wake, Joseph Whitworth, aliieleza mbele ya wanasayansi mjini Glasgow mwaka 1840. Chukua mabamba matatu ya chuma, yote hayajanyooka. Paka rangi la kwanza, ulisugue kwenye la pili, na popote rangi iliposhika ukwangue kwa mkono, kidogo kidogo, mpaka yashikane kila mahali. Lakini usisimame hapo, kwa maana mabamba mawili yanaweza kushikana vizuri kabisa huku moja likiwa na tumbo na jingine likiwa na shimo. Kila moja limekubaliana na upotofu wa mwenzake. Ndiyo maana linahitajika la tatu. Yakisuguliwa kwa zamu, la kwanza na la pili, la pili na la tatu, la tatu na la kwanza, na yote yakashikana, hapana umbo linaloweza kuridhisha hali hiyo isipokuwa ubapa wa kweli. Usahihi wa mashine zote ulianza kwa mikono iliyokwangua, na kwa kukataa kuamini makubaliano ya wawili.

Nimelieleza hilo kwa urefu kwa sababu lilinisaidia baadaye katika jambo ambalo halikuwa la chuma.

Mpwa wangu, kijana aliyesomea ufundi wa umeme, aliunda mashine ya namna hii kwenye baraza ya nyuma ya nyumba yangu. Ilimchukua karibu mwaka mzima. Nilipenda kumtazama akijifunza tabia zake. Aligundua kwamba mashine haioni. Kompyuta hutuma amri ya hatua elfu moja na kuamini kwamba hatua elfu moja zimepigwa. Keekee ikikwama kwenye fundo la mti na mota ikashindwa hatua ishirini, kompyuta haina habari, nayo huendelea kuharibu kazi kwa utulivu mkubwa. Aligundua pia kwamba umeme ukikatika, mashine husahau ilipo. Kila inapowashwa lazima ipelekwe kwenye kona yake na kuambiwa: hapa ndipo sifuri. Bila mtu wa kuionyesha sifuri, namba zake zote ni maneno matupu.

Alianza na vibao vya majina na mbao za kukatia mboga. Kisha akaja mfanyabiashara wa samani na picha ya mlango. Ulikuwa mlango wa nakshi za pwani, wenye mnyororo pembeni, mawaridi na mayungiyungi, uliochongwa na mzee mmoja wa Keko. Mfanyabiashara alitaka milango ishirini kama huo. Picha iliingizwa kwenye kompyuta, mistari ikafuatishwa, ubao mmoja wa majaribio ukachongwa. Bei ikakubaliwa. Wote wawili waliridhika.

Mzee yule ndiye aliyemfundisha mpwa wangu kunoa patasi alipokuwa mdogo. Nilipomkumbusha hilo, aliniuliza kwa heshima lakini kwa uthabiti, "Mjomba, mbao nanunua mimi, mashine nimeunda mimi, umeme nalipa mimi. Hapo nimemwibia nani?"

Swali lake halikuwa la kijinga, na sikutaka kulijibu kwa hasira. Nakshi zile ni za kale. Mzee mwenyewe aliziona kwa waliomtangulia, na hakuna aliyemdai malipo. Waridi halina mwenyewe. Ukisema kila aliyeiga ameiba, basi ufundi wote wa pwani ni mlolongo wa wizi, na hilo ni upuuzi. Lakini kuna tofauti ambayo naiona wazi. Mzee alipoiga, alilipa kwa miaka. Alikaa chini ya fundi mwingine, akachonga vibaya, akakemewa, akachonga tena. Kuiga kwa njia hiyo kulimfanya fundi, na kulimfanya awe na deni la kufundisha, deni ambalo amelilipa kwa vijana wengi, akiwemo mpwa wangu. Kuiga kwa picha hakuachi deni kwa mtu yeyote. Hapo ndipo pana hatari, wala siyo kwenye waridi.

Tena kuna jambo ambalo wasifu wa mashine hulisahau. Kazi ambayo mashine huichukua kwanza ni ile nyepesi: kutoa mbao za nyuma ili ua libaki juu, kuchonga mnyororo unaojirudia. Na kazi hiyo nyepesi ndiyo anayopewa mwanagenzi. Ndiyo darasa lake la kwanza. Ukiiondoa, huenda fundi mkuu asidhurike leo, lakini umevunja ngazi ambayo fundi wa kesho angepandia. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na sisi tunaondoa mvungu.

Nikamwambia mpwa wangu kwamba makubaliano yake na mfanyabiashara ni mabamba mawili. Yameshikana vizuri, sina shaka. Yapeleke kwa la tatu uone kama yamenyooka.

Tulikwenda Keko pamoja na ule ubao wa majaribio. Mzee aliushika, akaupeleka kwenye mwanga, akapitisha kidole gumba ndani ya nakshi. Hakukasirika. Alisema, "Mwalimu, hii mashine yenu haina kona." Na ni kweli. Keekee huzunguka, na kitu kinachozunguka hakiwezi kuacha pembe kali kwa ndani. Kila kona huacha duara dogo. Patasi huingia mpaka mwisho. Pia mashine ya miendo mitatu haichongi chini ya jani, kule ambako fundi huondoa mbao ili jani lionekane limeinuka. Mzee aliyaona hayo yote kwa kidole, pasipo kuwahi kuiona mashine.

Walizungumza kwa muda, mimi nikisikiliza zaidi. Mwishowe walikubaliana hivi: mchoro uwe wa mzee, naye alipwe kwa kila mlango unaotoka na mchoro wake. Mashine itoe mbao za nyuma. Kona na chini ya majani zimalizwe kwa patasi na wanagenzi wa mzee, chini ya jicho lake. Mpwa wangu, kwa upande wake, apokee vijana wawili wa pale wajifunze kuijua mashine tangu kwenye pembe mraba, siyo tangu kwenye kitufe.

Sitamdanganya msomaji kwamba mambo yalikwenda kama hadithi za watoto. Bei ilipanda, na mfanyabiashara akachukua milango minane tu. Kumi na miwili iliyobaki aliipeleka kwa mtu mwenye mashine ya kununua, ikatoka na kona za duara, na wateja wengi hawakutambua tofauti. Kwa hiyo haki haikushinda soko. Ilipata milango minane kati ya ishirini. Wapo watakaosema kwamba hilo linathibitisha ubure wa juhudi zetu, kwa sababu mashine zitakuja tu, tupende tusipende. Kwamba zitakuja, nakubali, zimeshakuja. Lakini kutoka hapo haifuati kwamba namna ya kuja kwake ni moja. Katika ile milango minane kuna vijana waliomaliza kona kwa mikono yao na mzee aliyelipwa kwa mchoro wake. Hao ni watu kamili, na chakula walichokula kilikuwa chakula kamili.

Wengine wataniuliza, kama ndivyo, kwa nini nisimshauri kijana anunue mashine tayari, kisha afanye makubaliano hayohayo ya haki? Anaweza, na sina ugomvi na anayenunua. Ila nimeona kwamba aliyeunda kwa mikono yake hudanganyika kwa taabu zaidi. Anajua mashine haioni, kwa sababu amewahi kusimama kando yake akizihesabu hatua zilizopotea. Anajua sifuri inatoka kwa mtu, kwa sababu yeye ndiye anayeionyesha kila asubuhi. Anajua unyofu wa reli zake ulitoka kwenye mkono wa fundi fulani. Kwa hiyo akiulizwa ni nani anayechonga, hawezi kujibu kwa wepesi kwamba ni mashine, wala kwamba ni yeye peke yake. Amelazimika kujua mikono mingine yote iliyomo.

Hilo ndilo jibu langu, kwa kadiri ninavyolifahamu. Anachonga kila ambaye maarifa yake yamo ndani ya kazi, na wajibu wa kuwahesabu wote ni wa yule anayewasha umeme. Kama wewe ni kijana unayekusudia kuanza, tafuta ubao, kamba, tupa na subira. Hakikisha pembe yako ya kwanza kwa tatu, nne na tano. Jenga mwendo mmoja, uupime, uurekebishe. Na kabla hujaingiza nakshi ya kwanza kwenye kompyuta, uliza ni ya nani, kisha vaa viatu uende kwake.